Herufi za Ukubwa wa Kidole Gumba

Ilemba, 25 Aprili 1993

Mdogo wangu Kasmir,

Salamu za huku bondeni kwanza, usije ukasema dada ameanza na ugomvi. Sisi tu wazima. Mpunga umekubali mwaka huu, na mbu nao wamekubali. Wanangu wawili wanakula kama wamekodishwa kazi hiyo. Mkeo Bertha hajambo? Na mama kule Pito, kifua chake kimetulia? Nani alimsaidia kutengeneza ntumba, yale matuta yake ya kufukia majani, mwaka huu, maana najua mikono yako ya ofisini haijashika jembe tangu uoe.

Kimya changu ni cha barabara. Njia ya mlimani ilikatika tangu Februari, na lori la Muhidin mwenye duka ndiyo kwanza limefika jana.

Sasa kaa chini. Mwaka jana nilikuambia nilifeli ule mtihani wa walimu wa kutoka Daraja la Tatu C kwenda A kwa sababu ya malaria. Sikuwa na malaria, Kasmir, hata mafua sikuwa nayo. Nilipewa karatasi nikaikuta imejaa ukungu. Nikaisogeza puani, nikaigeuza huku na huku, na kengele ilipolia nilikuwa nimesoma maswali manne tu kati ya ishirini. Mimi sioni vizuri, mwaka wa tatu huu. Nikikutazama usoni naona masikio yako, ila pua na mdomo ni doa. Daktari wa misheni anasema ni mishipa ya nyuma ya jicho, miwani haisaidii. Herufi zikiwa kubwa kama kidole gumba nazisoma, polepole, lakini nazisoma.

Hakuna anayejua hapa shuleni. Watoto wangu sabini na wawili nawajua kwa sauti zao.

Waraka umekuja kwamba mwalimu wa UPE, sisi tuliochukuliwa vijijini bila kupita chuo, atakayefeli mara ya pili ataondolewa. Waraka huohuo unasema mwenye ulemavu anaweza kuomba karatasi ya herufi kubwa na muda wa ziada, maombi yafike hapo ofisi yenu ya elimu kabla ya tarehe 30 Juni. Nimeandika ombi langu, nimeambatanisha na cheti cha daktari, yote yamo humu. Mpelekee bwana mkubwa wako mkononi. Nimekwepa kulipitisha kwa mwalimu mkuu wangu, Bwana Kornel, kwa sababu akijua yeye leo, kesho kisima kizima kitajua.

Dada yako,
Angela


Kizwite, 14 Mei 1993

Dada Angela, shikamoo.

Nimepokea barua yako ya tarehe 25 Aprili pamoja na viambatisho viwili. Huku tu wazima isipokuwa baridi, ambayo mwaka huu imewahi. Bertha anakusalimu. Ameanza kuuza mitumba pale sokoni, maana siku hizi kila kitu ni ruksa na kila mtu ni mfanyabiashara. Mama hajambo. Anakupigia makofi ya salamu hadi viganja vimeota sugu. Ntumba zake alisaidiwa na watoto wa jirani, nami nilikwenda Jumamosi mbili, usinionee.

Kuhusu jambo lako, nimesikitika sana. Lakini dada, umefikiri vizuri? Jambo likishaandikwa kwenye karatasi ya serikali halifutiki tena. Ofisi zinapunguza watu na kila wiki inakuja barua mpya. Hujajaribu dawa za kienyeji? Au miwani ya Mbeya, wanasema ni mizuri kuliko ya misheni. Umefundisha miaka kumi na mitano bila kushindwa na kitu. Hata mtihani huu, ukitulia tu, ukapata mwanga wa dirishani, nadhani utaumudu.

Tafakari kwanza. Muda bado upo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasmir


Ilemba, 30 Mei 1993

Kasmir,

Hatujambo. Perege wamekuwa wengi ziwani, nimempa dereva wa Muhidin kikapu cha wakavu akuletee, nusu ni ya mama. Usimpe mama vichwa vitupu.

Khaa! Unaniambia nikae dirishani? Mimi nikuombe jicho, wewe unipe dirisha? Na viambatisho viwili ndiyo nini, mimi ni dada yako au ni jalada? Halafu umeniandikia vijiherufi kama mayai ya chawa. Kwa taarifa yako, barua zako nasomewa, na hizi zangu naandikiwa, na Hasna, mke wa Muhidin, anayekaa huku kwenye duka lao. Ananisomea kwenye kaunta, kati ya mteja wa sabuni na mteja wa mafuta ya taa. Alipofika pale pa dawa za kienyeji akacheka mpaka akaweka kanga mdomoni. Andika kubwa, nimekuomba.

Acha nikueleze ninavyoishi, ndipo ujue kama nimefikiri. Kitabu siwezi kukisoma mbele ya darasa, kwa hiyo kila kitu wanasoma watoto, kwa sauti. Somo, maswali, hata majibu yao kwenye madaftari, mtoto anasimama ananisomea alichoandika. Ukikosea neno nakukamata, kwa sababu kitabu chote ninacho kichwani. Mwezi wa tatu alikuja mkaguzi, ameteremka mlima kwa miguu. Akasikia watoto wa darasa la tatu, Wafipa kwa Wasukuma, wanasoma kama maji ya mfereji. Akaandika kwamba sijaona, yaani yeye hajaona, darasa linalosoma vizuri hivi katika bonde zima. Akawaambia wengine, igeni mbinu ya Mwalimu Angela. Nilitabasamu. Nikarudi nyumbani nikalia, kwa sababu sasa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo anao mkaguzi. Nani ataamini kwamba mwalimu hodari namna ile haoni ubao wake?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimechoka kuficha. Mwaka jana nilificha nikafeli. Nikificha tena nitafeli tena, na safari hii natoka mikono mitupu, na watoto wawili na mama. Peleka hilo ombi.

Angela


Kizwite, 5 Julai 1993

Dada, shikamoo.

Samaki wamefika, asante sana, mama amepata nusu yake na vichwa nimekula mimi. Huku baridi ni kali, asubuhi maji ya ndoo yanauma meno. Ulezi wa mama umevunwa, amepata magunia manne, ameshaanza kuloweka wa pombe ingawa padri amemkanya. Amekuwa akiuliza kwa nini huandiki kwake moja kwa moja. Nimemwambia una kazi nyingi.

Jambo lako nimeshalishughulikia. Usiwe na wasiwasi. Jiandae tu na mtihani.

Samahani kwa ufupi, kuna kazi nyingi ya kuchapa ofisini. Na kuna mambo siwezi kuyaandika yakasomwe kwenye kaunta ya duka.

Kasmir


Ilemba, 16 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Mungu akubariki. Nimesomewa neno lile "nimeshalishughulikia" nikamwambia Hasna alirudie mara tatu, mpaka mteja akanuna. Tangu siku ile nalala usingizi. Hatujambo hapa, joto tu. Kila siku shule ikifungwa nakwenda dukani, Hasna ananisomea vitabu vya ualimu kutoka ukurasa wa kwanza. Anasema naye atafanya mtihani, maana amejua malezi ya mtoto kuliko mimi. Namlipa kwa kumfundisha mwanawe hesabu.

Mwambie mama siandiki kwake kwa sababu barua zake anasomewa na wewe, na wewe unasoma unachotaka.

Sasa nimesikia jambo. Mwalimu Adolfu, yule wa ng'ambo ya mto aliyepooza mkono wa kulia, mwaka jana aliomba apewe mtu wa kumwandikia kwenye mtihani. Akapewa. Akafaulu. Mwezi uliopita amepata barua ya kustaafishwa kwa sababu za afya. Watu wanasema orodha ya wanaoomba msaada ndiyo hiyohiyo inayotumika kuchagua wa kuondolewa. Lisemwalo lipo, Kasmir, na wewe ndiye unayechapa orodha huko. Je, ni kweli?

Usiogope kunijibu. Kama ni kweli, bado nataka karatasi yangu ya herufi kubwa. Adolfu ameondoka na cheti cha Daraja la Tatu A mfukoni. Masista wanafungua shule yao huko juu, wamemwita akafundishe, na mkono wake wameuona. Mimi nikifeli nitaitwa na nani? Afadhali wanifukuze nikiwa na cheti kuliko wanifukuze nikiwa mjinga. Hebu lielewe hilo.

Nijibu, na uandike kubwa. Hata neno moja, ndiyo au hapana.

Dada yako,
Angela


Ilemba, 21 Septemba 1993

Kasmir,

Lori la Muhidin limeteremka mara tatu. La kwanza limeleta chumvi, la pili mitumba, la tatu mabati. Barua hakuna. Mnaumwa? Mama yuko hai?

Mtihani ni tarehe 12 Oktoba, kituo ni hapa hapa bondeni. Nitafika na kalamu yangu na rula ya kushikilia mstari. Nategemea neno lako.

Angela


Ilemba, 17 Oktoba 1993

Kasmir,

Sitakuuliza hali. Nimemsikia dereva akisema alikuona sokoni na Bertha, mnanunua kitambaa, mnacheka. Basi mko salama.

Nataka ujue ilivyokuwa siku ile. Tulikuwa walimu kumi na wanane. Msimamizi ni dada mmoja kutoka huko mjini, mpole, manukato yake yalimtangulia. Bwana Kornel alikuwa mlangoni anamsaidia. Karatasi zikagawiwa. Nikaisogeza yangu puani, ukungu uleule. Moyo ukaniambia, ngoja, labda zile kubwa wanazitoa baadaye. Nikangoja. Wenzangu wakaanza kuandika, nikazisikia kalamu zao.

Nikanyoosha mkono. Nikamnong'oneza yule dada kwamba mimi ndiye wa herufi kubwa. Akapekua orodha yake. Akapekua tena, maskini, mpaka nyuma ya karatasi. Akasema, "Mwalimu, hapa hakuna ombi la mtu yeyote. Wewe uko kama wengine."

Niko kama wengine! Miaka mitatu nimejitesa niwe kama wengine, na siku nilipokuwa sitaki ndiyo nikafanikiwa.

Nikasimama. Kasmir, nilisimama katikati ya chumba kile nikasema kwa sauti ya darasani, "Mimi sioni. Naomba mtu anisomee maswali." Kalamu zote zikanyamaza. Bwana Kornel akasema, "Mwalimu Angela, unasemaje?" Nikarudia. Yule dada akanishika bega. Akasema anaamini, lakini jina langu halimo, na akinisomea yeye naye atapoteza kazi. Sikumlaumu. Nikakaa.

Saa tatu ni nyingi ukiwa na karatasi usiyoisoma. Kutoka nje kulikuwa ni kufeli, na kubaki kulikuwa ni kufeli. Baada ya kitambo nikachukua rula yangu, nikaandika juu ya karatasi ya majibu, kwa herufi ninazoziona mimi: "Sijui mmeuliza nini. Ninachokijua ni hiki." Nikaandika namna ya kumfundisha mtoto wa miaka saba kusoma. Nikaandika jinsi ya kumsikiliza mtoto asiyejua Kiswahili, anayewaza kwa Kifipa au Kisukuma, unavyomwacha aseme kwanza kwa lugha ya mama yake. Nikaandika kwa nini usimchape anayesoma taratibu. Nikaomba karatasi za nyongeza mara nne. Yule dada alikuwa ananiletea. Kengele ilipolia sikuwa nimemaliza.

Tangu hapo kila mtu anajua. Bwana Kornel amehamisha darasa langu, amempa kijana. Mimi nimepewa kutunza stoo ya majembe. Napita nje ya dirisha nasikia watoto wamenyamaza, kijana anasoma yeye, wao wanasikiliza.

Nina swali moja tu, na Hasna amekataa kuliandika kwa mkono wake, kwa hiyo naliandika mwenyewe. Barua yangu iko wapi?

Angela


KIZWITE, 8 NOVEMBA 1993

DADA, SHIKAMOO.

NIMEANDIKA KWA KALAMU NENE YA MAJALADA. USIMPE HASNA. HII SOMA MWENYEWE.

BARUA YAKO IKO KWENYE DROO YANGU. HAIJAWAHI KUTOKA.

NI KWELI ULIYOSIKIA. MEZANI KWANGU KUNA JALADA MOJA. MAOMBI YA WENYE ULEMAVU YANAINGIA HUMO. WAKITAKA MAJINA YA KUPUNGUZA WANALIFUNGUA HILOHILO. JINA LA ADOLFU NILILICHAPA MIMI, MARA MBILI.

NILIONA NIKIWEKA LAKO NIMEKUZIKA. NIKASEMA DADA NI HODARI, HAJAWAHI KUSHINDWA, ATAJUA LA KUFANYA. ULIPOSEMA AFADHALI UFUKUZWE NA CHETI, TAREHE 30 JUNI ILIKUWA IMEPITA. NIKAONA AIBU. NIKANYAMAZA.

MSIMAMIZI AMEANDIKA TAARIFA KWAMBA MWALIMU MMOJA ALISIMAMA AKASEMA HAONI. NIMELETEWA NIICHAPE. SASA JINA LAKO LIMO KATIKA ORODHA. NAMBA KUMI NA MOJA. SIKUICHAPA. AMEICHAPA MWENZANGU.

IJUMAA NILIMPELEKEA BWANA MKUBWA OMBI LAKO NA CHETI CHA DAKTARI. NIKAMWAMBIA NILILIKALIA MIMI. AMESEMA MTIHANI WA MWAKANI UTAPEWA HERUFI KUBWA NA MUDA WA ZIADA, KAMA UTAKUWA BADO KAZINI. ALISEMA HIVYO MARA MBILI. KAMA UTAKUWA BADO KAZINI. MIMI NIMEPEWA SIKU SABA NIJIELEZE KWA MAANDISHI.

SIJUI NITAJIELEZA VIPI. WEWE ULINISOMESHA. NISAMEHE DADA.

MAMA HAJAMBO. HILI HALIJUI.

KASMIR


Ilemba, 29 Novemba 1993

Kasmir,

Mvua zimeanza, kwa hiyo huenda hili ni lori la mwisho kabla ya mlima kukatika. Wanangu wazima. Barua ya kuniondoa bado haijafika. Kila lori likipiga honi naacha majembe nasimama mlangoni pa stoo. Mwambie mama mimi mzima, na safari hii ukimsomea usiruke mahali.

Barua yako ilifika imeviringishwa kama ramani. Hasna aliponipa akasema, "Mwalimu, huyu mdogo wako amekutumia mkeka?" Akataka kuifungua. Nikaichukua. Alipouliza baadaye umeandika nini, nilimwambia ni habari za kifua cha mama, na hii naiandika mwenyewe.

Sijakusamehe. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe na mimi tumeshachoka na mengine. Uliogopa kunizika, ukanifunika ningali napumua. Hukuidharau akili yangu, ulinisifu, na sifa zako na za mkaguzi ndizo zilizoniweka stoo. Labda nitakusamehe mwakani. Labda mlima ukifunguka.

Kwenye kujieleza kwako andika yaliyotokea, usiongeze chumvi, na usinitaje kama maskini. Wakikuondoa, njoo huku. Hasna anatafuta mtu wa kuandika hesabu za duka, na majembe pia yapo, nimeshayahesabu yote.

Jambo la mwisho. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kila herufi, hakuna aliyenisaidia. Ni kurasa kumi na nne. Ni barua ya kwanza kuisoma kwa macho yangu tangu mwaka wa tisini. Nilianza Ijumaa baada ya kufunga stoo, nikamaliza Jumapili baada ya misa.

Sasa umejua kwa nini niliomba muda wa ziada.

Dada yako,
Angela